Mbuzi Thelathini wa Wakfu

Tsendsuren, daktari wa mifugo wa bonde lile, hakuwa na subira na wajinga, na mjinga aliyemkera kuliko wote alikuwa mzee Gombojav. Mtu ana mbuzi mia sita, ana pikipiki mbili na sahani ya televisheni mlangoni pa hema, lakini kichwani hamna kitu. Domo tu! Ukifika kwake unakaribishwa kwa chai ya chumvi na uongo.

Vuli ile alikwenda na masanduku ya chanjo ya sotoka ya mbuzi. Ugonjwa ulikuwa umeshavuka mlima, na pale bondeni, kwenye chemchemi ileile walikokunywa mbuzi, walikunywa pia saiga, wale swala wenye pua iliyovimba ambao duniani wamebaki wachache. Miaka kumi na moja alikuwa amewalinda, akigombana na wawindaji wa pembe na maofisa wavivu. Mumewe aliondoka katikati ya magomvi hayo na hakumkosesha usingizi. Mbuzi akiambukizwa, saiga anakufa. Hata mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Walichanja tangu asubuhi. Alasiri akakuta zizi dogo nyuma ya hema, mbuzi thelathini ndani, kila mmoja na utepe wa buluu shingoni.

"Na hawa?"

"Hao wa wakfu, binti. Nimewapa mbingu," alisema Gombojav. "Hawachinjwi, hawauzwi, hawaguswi. Sasa wewe utamchoma sindano mbuzi wa mbingu?"

Kila hema pale lina mbuzi wake wa wakfu, na hakuna anayechekwa kwa hilo. Mama yake Tsendsuren alikuwa naye mmoja, akafa kwa uzee. Lakini mmoja, bwana, au wawili mwaka ukiwa mbaya. Thelathini! Na tepe zenyewe bado zina mikunjo ya dukani.

"Mbingu imekuwa na tamaa siku hizi, mzee?"

"Usikufuru."

"Na wote majike wenye sufu ndefu. Hata beberu mmoja kilema hukuitolea?"

"Mbingu haipewi takataka," alijibu bila haya, akavuta ugoro wake.

Tsendsuren alijua vizuri kilichomsumbua mzee. Sokoni kulikuwa na uvumi kwamba sindano hunyonyoa sufu, ambayo ndiyo fedha ya wafugaji, na huyu aliubeba mzimamzima hadi nyumbani.

Sheria ilimpa nguvu. Angemwita askari wa wanyamapori, wakawashika mbuzi wale, kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Lakini alimtazama yule mzee akipiga chafya na kujifuta kwa mkono wa joho, moyo ukamjaa kinyaa. Akasema kimoyomoyo: wacha wafe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Akaandika kwenye fomu kwamba wote wamechanjwa, akapanda gari. Na tusidanganyane, alisikia raha.

Baridi ilipokaza, mbuzi wa wakfu wakaanza kukohoa. Walikufa tisa, wengine wakapona, maana mbuzi ni kiumbe sugu.

Saiga si sugu. Aliwakuta kando ya chemchemi wamepiga magoti, vinywa vimejaa vidonda, makamasi yamegandia puani. Majike walikuwa na mimba. Kufikia mwisho wa mwezi, katika kila kumi walikuwa wamekufa saba, na bonde zima lilitoka kuburuta mizoga na kuichoma kwa samadi kavu na dizeli.

Akaja mkubwa mmoja kutoka mji mkuu, buti zake safi kabisa, fomu mkononi.

"Hapa pameandikwa wote walichanjwa," alimwambia Tsendsuren mbele ya watu. "Huyu mzee alikuficha mbuzi wake, sivyo?"

Majirani wakamgeukia Gombojav. Mmoja akatema mate. Mzee aliinamisha kichwa, akangoja. Angekubali lolote.

"Sema tu, daktari. Alikudanganya?"

Ilikuwa rahisi sana kuitikia. Tsendsuren alitazama moshi, akawatazama wale majike waliokuwa bado kwenye foleni ya kuchomwa.

"Hakunificha," alisema. "Niliwaona wote thelathini. Nikawaacha makusudi. Nilitaka mbuzi wake wafe ashike adabu."

Gombojav akainua uso, akamtazama daktari kuanzia kofia hadi viatu, polepole, jinsi Tsendsuren alivyozoea kumtazama yeye miaka yote.

"Mimi ni mjinga, binti," alisema. "Mimi sikujua kwamba watakufa hawa saiga. Wewe ulijua."

Akainama, akashika miguu ya saiga aliyefuata, akaanza kumburuta. Tsendsuren aliposhika upande wa pili amsaidie, mzee alisimama, akangoja mpaka daktari alipouachia.