Kiti Kitupu cha Mwenye Nyumba

Katika nyumba ya wageni ninapofanya kazi, kule Ibanda, saa sita hakuna mtu anayechagua chakula. Maman Apolline, mwenye nyumba, anapika alichokipata asubuhi kwenye soko la Nyawera, anakipanga kwenye meza moja ndefu, na wote wanakula hicho hicho. Juu ya ubao wa mlangoni aliandika kwa chaki: Table d'hôte.

Alhamisi ile tulipata wageni wanne wa semina kutoka Kampala, Kiingereza tupu.

"Adèle, hawa ni wako," Maman Apolline aliniambia. "Leo ile masomo yako ya jioni itusaidie."

Mwaka na nusu nilikuwa nasoma Kiingereza kwa Prof Delphin, na mchana wa kazi na jioni ya darasa nilimwachia mama yangu mtoto. Mama alishuka kutoka Walungu kwa sababu hiyo tu. Aliacha mihogo yake shambani ili mimi nishike kalamu tena.

Tulianza vizuri. Madamu mmoja mwenye miwani alisifu Kiingereza changu, akauliza kama wazazi wangu ni walimu. Nilicheka tu. Sikusema ndiyo, na hapana pia sikusema.

Ndipo mama akaingia na mtoto wangu Héritier mgongoni, analia.

"Adèle, mutoto anakatala uji," alisema. "Tangu asubuhi ni kulia tu. Umunyonyeshe kidogo, nirudi naye."

Alivaa malapa yake, moja ya buluu, moja nyekundu, na matope ya njia yalikuwa yamempanda mpaka kwenye kikwembe alichojifunga. Wageni wote waligeuka. Madamu akaniuliza kwa upole huyu ni nani.

Neno hilo nilikuwa nalo. Ni somo la kwanza kabisa la Prof Delphin: baba, mama, kaka, dada. Lakini mdomo wangu ulisema, "Nounou." Kwa Kiingereza sikujua mlezi wa kulipwa anaitwaje, nikalitoa hivyo hivyo kwa Kifaransa.

Mama hajui Kiingereza. Lakini neno nounou analijua.

Alisalimia wageni kwa mikono miwili, mmoja mmoja, akanipa mtoto, akapita jikoni mpaka nyuma. Nilinyonyesha kwenye korido, uso unaniwaka, kisha nikamrudishia mtoto. Alimpokea bila kuniangalia.

"Mbona mama yako anakalia kasha ya bia?" Maman Apolline aliuliza, akimpakulia samaki. "Nafasi si iko mezani?"

"Anapenda pale," nilijibu. Uongo wa pili.

Niliporudi na wali, madamu alikuwa anasoma ubao. Alisema neno lile hata kwao liko kwenye hoteli, watu wanalitumia, lakini lilitoka wapi? Nilikuwa nimelitayarisha kwa ajili ya darasa la Ijumaa. Nikajinyoosha.

Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza maana yake ni chakula kilichopangwa tayari kwa bei moja. Lakini Wafaransa, wenye neno, walisema tu meza ya mwenyeji. Zamani msafiri akifika kwenye nyumba ya kulala hapewi orodha ya vyakula. Anakuta meza moja, anakaa na waliopo, na mwenye nyumba yuko hapo hapo, anakula nao kilichotoka kwenye sufuria moja. Neno lilipovuka kwenda kwa Waingereza, bei ilibaki, mwenye nyumba akapotea.

Wakapiga makofi. Kijana mmoja kati yao akaonyesha kiti kitupu cha kichwani mwa meza, ambacho Maman Apolline hakikalii kamwe kwa sababu ya kupika. "Na huyu wa hapa naye amepotea?"

Wakacheka. Nyuma ya kiti kile kuna dirisha, na dirishani nilimwona mama juu ya kasha, sahani kwenye magoti, mkono mmoja unambembeleza mtoto.

Niliweka wali chini. Kwa Kiingereza chote nilichonacho nilisema: yule si nounou, ni mama yangu, nimewadanganya.

Waliniuliza maswali mengi, nikajibu yote kwa shida, ndipo madamu akavua miwani. "Basi mwite," alisema.

Nilikimbia. Kasha lilikuwa tupu. Sahani ilioshwa, imefunikwa juu ya nyingine, na ndani kipande cha samaki, kizima. Aliniwekea, kama kawaida yake.

Jioni ile sikuenda darasani. Nilimkuta nyumbani juu ya mkeka, Héritier amelala.

"Karibu, patron," alisema, kama mfanyakazi kwa tajiri wake. "Nounou amepika sombe."

Nilipiga magoti. "Mama, niliwaambia. Niliwaambia wewe ni mama yangu."

"Uliwaambia saa gani? Mimi nikiwa hapo?"

"Ulikuwa umekwisha kutoka."

"Basi mimi sijasikia." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Sema kwa ile Kingereza yako, nisikie inasemwaga namna gani."

Nikasema. Akanifanya nirudie mara tatu, kama mwalimu, na mara ya tatu sauti yangu ilikatika. Akasogea kwenye mkeka, akavuta sufuria ya sombe, majani yale ya mihogo, katikati yetu.

"Kaa, tule. Kesho utaenda kusoma, usinifanye mimi sababu ya kuacha."

"Na kesho mtoto akilia?"

Alikata donge la foufou, akalichovya kwenye sombe.

"Nitamuleta," alisema. "Utawaambia tena mimi ni nani. Mbele yangu."