Alama Usawa wa Macho

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, afisa usalama wa kiwanda cha magodoro alipanda juu ya kiti cha mapokezi, akafuta 411 ubaoni na kuandika 412. Hizo ndizo siku zilizopita bila ajali. Kijana huyo walimwita Helmeti, kwa sababu kofia ngumu hakuivua hata akienda chooni.

"Kiwanda hiki," alimwambia dada wa mapokezi, "hata ukitaka kuumia kwa makusudi, huwezi. Nimeziba kila tundu."

"Haya, bingwa. Shuka kwenye kiti changu."

Dakika tano baadaye shangazi yake Helmeti, mkuu wa masjala, alitokea kwenye korido amekumbatia mafaili yaliyomfika kidevuni. Kati ya korido na mapokezi palikuwa na ukuta wa kioo, mpya, kuanzia sakafuni hadi darini. Kanuni zilitaka uwe na stika usawa wa macho na usawa wa kiuno. Helmeti alikuwa amezibandika mwenyewe, akafanya na semina: penye stika ni ukuta, pasipo na stika ni njia. Wafanyakazi walikariri. Ijumaa meneja akasema stika zinaufanya ukuta uonekane una surua, na wageni wanakuja kupiga picha. Helmeti akazibandua kwa ukucha na maji ya moto, kisha akaandika kwenye daftari la usalama: *Stika zipo.*

Shangazi alitazama mbele, hakuona stika, akapita. Aliingia kwenye kioo na kubaki humo.

Hakukuwa na kishindo. Mafaili yalidondoka upande wa korido pamoja na kiatu kimoja, naye akasimama ndani ya unene wa kioo, mguu mmoja mbele, mikono imekumbatia hewa.

"Shikamoo, shangazi," Helmeti alisema.

"Marahaba. Nimekwama."

Dada wa mapokezi alishtuka sana kuona mafaili ya likizo yamechanganyika na ya nidhamu. Meneja alishuka ngazi mbilimbili, akashtuka zaidi kuona alama za vidole kwenye kioo, na zaidi tena alipogundua kwamba zilikuwa kwa ndani na hazifutiki.

Fundi vioo aliitwa. Alipapasa pembe zote nne akitafuta muhuri mdogo unaochorwa kwenye kioo cha usalama. Jasho likamtoka. "Mmeweka kioo cha kabati hapa? Hiki kikivunjika ni visu vitupu! Nani kakubali?"

Kuhusu Shangazi hakuwa na wasiwasi. Alishawahi kumtoa karani mmoja wa posta. Kioo kinang'olewa na fremu yake, kinalazwa juu ya magodoro, kinafunikwa mablanketi ya moto, na mtu anajitokeza taratibu. "Ila isipite Alhamisi saa sita mchana," alisema. "Baada ya hapo mtu na kioo wanazoeana. Niandikieni fomu ya ajali, ioneshe kwamba stika hazikuwepo, nianze. Bila fomu sigusi ukuta wa watu."

Meneja aliutazama ubao. "Mkaguzi anakuja Alhamisi hiyohiyo. Akute sifuri?" Akamgeukia Helmeti. "Afisa ni wewe. Andika unachoona kinafaa."

Helmeti alichomoa kalamu, akaizungusha vidoleni, akairudisha mfukoni.

"Vumilia kidogo, shangazi. Mkaguzi akishapita tu."

"Kazi hii nani alikuombea?"

"Wewe, shangazi."

"Nilitaka nisikie tu."

Jioni, nyumbani, baba yake aliuliza mbona dada yake hapokei simu. Helmeti akasema Shangazi alikuwa anakimbia ofisini, akajiingiza mwenyewe kwenye kioo, si unamjua na haraka zake, na mafundi wanamshughulikia. Baba akacheka. "Huyo tangu utotoni! Ukimtuma chumvi, anarudi na magoti yamechubuka."

Jumanne tarishi alimsalimia Shangazi, akamwachia bahasha chini miguuni. Jumatano sauti yake ilianza kuwa nyembamba, kama kijiko kinapogonga bilauri, na ukimtazama kwa ubavu uliona kupitia bega lake saa ya ukutani inakwenda vizuri.

Alhamisi saa tano na nusu mkaguzi aliingia na futi ya chuma. Alimpima Shangazi kuanzia sakafuni.

"Usawa wa macho, ipo: paji la uso. Usawa wa kiuno, ipo: mkanda. Gauni la rangi ya chungwa, linaonekana tokea mbali." Alikuwa amefurahi kweli. "Kwingine wanabandika vidude vinavyobanduka baada ya wiki. Hili wazo la nani?"

Meneja alimpiga Helmeti begani.

Pembe ambayo ingepaswa kuwa na muhuri ilikuwa imezibwa na ua la plastiki. Mkaguzi hakulisogeza.

"Ajali yoyote kwenye kioo hiki?"

"Hakuna, mheshimiwa," Helmeti alisema. "Stika za zamani zilibanduka zenyewe, unyevunyevu. Tukaona tuboreshe."

"Mwanangu," Shangazi alisema, na sauti yake ikatetemesha vikombe mezani, "mimi nilikuja natembea. Polepole, mafaili yalikuwa mazito. Nikatafuta stika kama ulivyotufundisha. Hukuacha hata moja. Sema, nitoke."

Helmeti alifungua mdomo. Meneja alikohoa. Mdomo ukafungwa.

Mkaguzi aliikagua fomu yake ya ukaguzi juu hadi chini. Haikuwa na kisanduku cha alama inayoongea. Akagonga muhuri wake, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: IMEPITA. ALAMA ISIONDOLEWE. Saa ya ukutani, nyuma ya bega la Shangazi, ilisoma saa sita kamili.

"Hongera, kijana," mkaguzi alisema, akipisha mtu mlangoni.

Aliyekuwa mlangoni ni baba yake Helmeti, na mfuko wenye nguo za kubadilisha za dada yake. Mfuko alikuwa ameuweka chini kitambo.

"Uliniambia alikuwa anakimbia," alisema.