Jemedari Aliyesubiri Mvua

Kaltuma aliujua utenzi wa Jemedari Salimini wote kwa moyo. Mama yake aliuleta kutoka Pwani, na katika mtaa wa Waislamu mjini Kisii hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kuughani mpaka mwisho. Alasiri za Ramadhani majirani walijaa barazani kwake, na alipofika mahali Salimini anapomuaga mkewe, walifuta macho kwa ncha za kanga:

Mke wangu usilie,
machozi uyazuie,
mlango unifungie,
ninakwenda kwenye vita.

Mumewe, Shariff, alikuwa fundi cherehani. Alishona upande wa pili wa ukuta huku akisikiliza, midomo ikimwasha. Siku moja ya mvua, ile mvua ya Kisii ambayo ikishaanza haijui kukoma, mteja alimwuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Shariff akamjibu kwa mahadhi yale yale ya mkewe:

Mke wangu usilie,
mvua niisubirie,
uji unichemshie,
kesho nitakwenda vita.

Tangu hapo Salimini wa Shariff akawa mtu mwingine kabisa. Aliogopa siafu. Alimsingizia farasi wake homa. Kaltuma alimkemea mumewe kwamba anachezea maneno ya wazee, kisha akageukia ukutani asionekane anacheka.

Nyamongo, mchongaji wa mawe laini wa Tabaka, alikuwa akija mjini siku za soko kuuza mabakuli. Mzigo aliutua kwa Shariff kwa ajili ya hadithi hizo tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini ubeti wa uji aliushika wote.

Vita vya Waingereza dhidi ya Wajerumani na Wajapani vilipopamba moto, serikali ilitaka mafundi wa kuwashonea askari, na Shariff akachukuliwa. Asubuhi ya kuondoka kulikuwa kunanyesha. Kaltuma alingoja aseme neno la mzaha. Hakusema. Alimshika mkono, akapanda lori.

Alifia Burma, kwa homa. Tarishi wa bomani ndiye aliyeleta habari; alizisema akiwa amesimama, akaenda zake.

Kaltuma alikaa eda. Alipotoka, Ramadhani ilikuwa imeingia, na majirani wakamwomba aghani kama zamani. Alighani vizuri, sauti haikutetereka, mpaka akafika "Mke wangu usilie." Hapo Mariam, aliyekuwa mkubwa wao wote, akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini wenzake nao walikuwa wameshausikia moyoni ule ubeti mwingine, na baraza zima likacheka, kisha likalia. Mariam akaanza kuomba radhi.

"Usiniombe radhi," Kaltuma alimwambia. "Hata mimi nautafuta ule wa asili, unanijia wake."

Hakuumaliza utenzi siku ile, wala miaka iliyofuata.

Habari za msiba zilichelewa kufika Tabaka. Nyamongo alipozipata hakuja mara moja. Alikuja baadaye, na kitu kizito kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Kilikuwa ni jemedari wa jiwe la rangi ya waridi. Alikuwa ameketi, upanga ameulaza chini, bakuli la uji mapajani, macho ameyainua juu kutazama mawingu. Uso ulikuwa wa Shariff, hata lile jino lililopanda jingine.

"Mama, nimemleta nyumbani," Nyamongo alisema.

Kaltuma alimpakata yule jemedari. Alipitisha kidole kwenye paji la uso, kwenye pua, akarudi tena kwenye paji.

"Nyamongo, sisi hatuweki sanamu ya mtu ndani ya nyumba."

Nyamongo hakuwa akilijua hilo. Alitazama chini, akafikiri, kisha akasema kwamba anaweza kuukwangua uso, abaki askari tu, asiwe mtu yeyote.

"Usimguse," alisema Kaltuma. "Mpeleke kwako. Muweke mahali penye paa."

Lakini hakumwachia upesi. Nyamongo alikaa naye barazani, kofia mkononi, wapita njia wakiwasalimu na kupita. Ilipoadhiniwa alasiri, Kaltuma alimfunga tena jemedari katika yale majani, taratibu, akamkabidhi Nyamongo, akaenda kutia udhu.