Mwanamke wa Mwambani

Miaka ile masharti ya biashara yalipolegezwa, Bi Khairat alifungua mkahawa katika mtaa wa zamani wa Kondoa mjini. Akamwita Loisi, mchoraji kutoka Kolo, amchoree ukutani picha ya kuvuta wateja. Loisi akachora watu wembamba wenye vichwa vikubwa: mwanamke katikati, wanaume wakimshika mikono huku na huku.

"Hawa ni akina nani?" Bi Khairat akauliza.

"Wako kwetu, mama, wamechorwa kwenye miamba tangu kale. Nimewanakili tu."

Wateja wakaanza kubishana hadi chai zikapoa. Wengine walisema yule mwanamke anacheza ngoma, wengine anatekwa. Bi Khairat, mzaliwa wa Kondoa ambaye hakuwahi kuiona miamba hiyo, alishindwa kuvumilia. Jumapili alifunga mkahawa, akafuatana na Loisi hadi Kolo, akapanda mlima akihema.

Alimtazama yule mwanamke wa mwambani kwa muda mrefu. Rangi ilikuwa imefifia, na uso haukuwa na macho wala mdomo.

"Ni kama mimi siku ya harusi yangu," alisema taratibu. "Navutwa, na huku nacheza."

Aliporudi, wateja walitaka jibu. Akawaambia waende wakajionee. Yeye Jumapili ijayo atapanda tena, maana kuna mwamba mwingine hajaufikia.