Mstari Mzima

"Mstari… zima!" redio ya mkononi ilikoroma kifuani mwake, na yeye akasikia mzima. Mstari mzima. Akaliinamisha kopo la kuwashia moto, dizeli yenye moto ikaanza kudondoka kwenye nyasi kavu, naye akatembea nayo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayemwagilia bustani.

Wenzake walimwita Kiberiti. Kazi yake ilikuwa kuchoma kinamasi kwa mpango, ili magugu ya kigeni yaliyoyasonga mafunjo yafe, na mizizi ya mafunjo, iliyolala salama topeni, ipate nafasi ya kuchipua. Mwaka huu ilikuwa ichomwe nusu tu. Nusu nyingine iachwe, kwa kuwa msuka majamvi mmoja aliomba abakiziwe mafunjo ya kukata. Msuka majamvi huyo alikuwa mama yake mzazi.

Msimamizi alifika akihema, masizi hadi kwenye kope. "Nimesema zima, wewe! Zima!"

"Nimesikia mzima, bosi."

Wakaitazama nusu ya pili ikiteketea. Msimamizi akajifuta uso. "Basi, tutasema upepo uligeuka. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mwanaharamu hakupita. Alihamia kwao, kwenye chumba kimoja chenye vitanda viwili, akakaa katikati. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama aliegemea ukuta, mikono imelala mapajani kama vyombo vya kuazima.

"Upepo ule," alisema kila jioni, "haukuwa na adabu."

Kiberiti aliosha sahani. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na mlango wa kutokea. Akisema, atamvunja mama moyo. Asiposema, anavunjika yeye. Alilikoroga mwenyewe, na kulinywa hakuweza. Mvua ikachelewa, hata akaanza kuyachukia mawingu.

Wiki ya saba, baada ya manyunyu mawili matatu, aliingia kwenye majivu peke yake, akazama hadi magotini, akapapasa. Akarudi na kichipukizi kimoja cha kijani. Macho ya mama yalikuwa hafifu, kwa hiyo akakipokea, akakisokota vidoleni. Bua la magugu ni la mviringo. La funjo lina pembe tatu. Alikisokota muda mrefu.

"Mama, haukuwa upepo. Ni mimi. Niliambiwa zima, mimi nikasikia…"

"Upepo gani unarudi nyumbani unanuka dizeli?" Mama hakuinua kichwa. "Wiki saba nakungoja useme."

Kiberiti akalia kwa sauti, mtu mzima na miaka yake arobaini.

"Haya, nyamaza. Na hiki umeking'olea nini? Funjo changa halisukwi. Kakirudishe."

Akarudi. Kinamasi chote kilikuwa cheusi, kuanzia ukingo hadi ukingo. Akapiga magoti, akakisimamisha kichipukizi kwa vidole viwili, akangoja tope lijifunge. Lilikuwa limeshamshika miguu. Hakujaribu kujinasua.