Kikapu cha Isimbi

Kioo cha simu kilikuwa na ufa, na Patricie alilazimika kuinamisha simu ili asome. Alisoma kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima, kidole chini ya neno: "Karibu tena, Isimbi."

Wanawake kumi na wawili waliketi katika ukumbi wa Kamembe, mji wa mpakani. Kampuni ya duka la simuni ilitaka kujua kama programu yake ni rahisi kutumia. Chama cha soko kiliongeza sharti lake: atakayemaliza jaribio kwa dakika kumi atapewa meza sokoni, chini ya paa. Wengine wangebaki kando ya barabara ya mpakani, ambako askari walizimwaga nyanya zao kila juma.

"Maman, hiyo si jina yako," alisema Kalisa, mpimaji, saa mkononi.

"Ni ya binti yangu. Laini iko kwa jina yake. Miye, tangu nitoke Bukavu, kitambulisho yangu bado haiyatoka."

"Akuje yeye abadilishe."

"Haiko tena."

Kalisa alitazama saa. "Basi endelea hivyo. Fungua kikapu. Kama iko na bintu, jaribio haianze. Toa byote."

Patricie akafungua. Beseni la bluu. Shuka mbili za mtoto. Kofia ya sufu, ya manjano. Isimbi alivichagua kwa simu hii huko Bweyeye, milimani, mimba ikiwa ya miezi minane, akisema atavinunua akishajifungua salama. Uchungu ulipoanza, njia ilikuwa tope na gari halikupanda. Wanaume wanne walimbeba kwa machela. Walipofika chini walikuwa wamebeba wawili, wote kimya.

Aliondoa beseni. Aliondoa shuka. Alipogusa kofia, kitu cha mwisho kikapuni, maandishi yakatokea: "Isimbi, una hakika unataka kuiondoa?"

Kidole kikasimama hewani. Darasani, jina hilo ndilo neno la kwanza aliloliandika bila kunakili.

"Maman Isimbi, simu haiume," alisema Clarisse, jirani yake wa barabarani, ambaye alikwisha kumaliza. "Finya, twende tuuzishe." Wengine wakacheka kidogo.

"Inauliza yeye," alisema Patricie. "Haiulize miye."

"Finya NDIYO," alisema Kalisa. "Mashine haijue muntu."

"Huyu inamujua."

Kofia ilikuwa bado kikapuni saa ilipolia. Kalisa akaandika, kwa mwandiko safi ambao Patricie aliweza kuufuata: Mshiriki wa saba ameshindwa. Pendekezo: kitufe cha kufuta kiwe kikubwa zaidi, tena chekundu.

"Nimeandika kosa ni ya programu, Maman. Si yako."

"Na meza?"

"Meza ni ya chama. Miye napima simu tu."

Alasiri, kando ya barabara ya mpakani, filimbi ilisikika kutoka upande wa daraja. Wenzake wakakunja turubai na kukimbia. Patricie alikuwa ameinamia nyanya zake simu ilipotikisika kiunoni. Akaitoa.

"Isimbi, kofia yako bado inakungoja. Imebaki moja tu."

Nyayo za viatu vizito zilikuwa zinakaribia. Kwa mara ya kwanza, alikuwa amesoma ujumbe mzima bila kuweka kidole.