Sauti ya Jikoni

Wimbo wangu niliurekodi kwa simu, nyumbani, mama akiwa jikoni anaosha vyombo na kunipokea kwenye kiitikio kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Nilimwambia anyamaze, akacheka, akaendelea. Nilipoupiga saluni ninakosuka nywele, wateja waliomba niurudie mpaka simu ikaisha chaji.

Basi nikajitia ujuaji. Nikaupeleka studio, fundi akausafisha: akatoa kelele za sahani, akamtoa na mama. Ule wa kwanza nikaufuta kwenye simu, mjinga mimi, eti usije ukanitia aibu.

Siku hizi nikiupiga huu msafi, wateja wanausikiliza kwa adabu tu. "Ule wa siku ile uko wapi?" wananiuliza. Fundi naye hakubaki na nakala, na mama alipatwa na kiharusi mwezi uliopita, hatamki neno.

Jana nilimshikia simu karibu na mdomo, nikamwimbia, nikambembeleza kama mtoto. Wapi. Nikamwekea ule wa studio. Kiitikio kilipofika, aligeuza macho taratibu kuelekea jikoni, akasubiri.